Hakuna Aliyeingia Uwanjani

Kama hujawahi kuona mtu mzima akifundishwa kutembea, basi ungepita nyumbani kwa kina Okwakol Jumatano ile baada ya chakula cha mchana. Boma lao liko Malaba, kando kabisa ya barabara kuu, pale ambapo malori hupiga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda na madereva, kwa kukosa kazi, huangalia kila linalofanyika katika nyua za watu. Siku hiyo walipata cha kuangalia. Katikati ya uwanja alisimama Asekenye, dada yake Okwakol, mcheza dansi ambaye picha zake zilikuwa zimebandikwa kwenye kuta za kumbi kubwa huko Ulaya. Mbele yake alisimama shangazi yake Anyait, mama mzee mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, akimfokea.

"Shuka! Mbona unanyanyuka-nyanyuka? Umekanyaga moto?"

"Nimeshuka, shangazi."

"Umeshuka wapi? Shingo iko juu kama unachungulia kwa jirani. Hii ni ngoma ya matanga. Tunacheza na aliye chini, hatuchezi na ndege."

Dereva mmoja aliyekaa juu ya mzigo wake alicheka hadi akakohoa, na Asekenye naye akacheka. Kisha akainama tena, akalegeza magoti, akaburura nyayo vumbini kama alivyoambiwa na kutikisa mabega. Nyonga ya kulia ikamchoma kwa ndani. Uso wake haukubadilika hata kidogo, maana hiyo ndiyo kazi aliyoisomea: kuumia bila mtu kujua.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mama yao, Apolot, alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka, na Asekenye hakuja kumzika. Sasa alikuwa amekuja kumaliza matanga. Na ukoo wao una desturi yake, ambayo hata Wateso wa koo nyingine huishangaa. Mama mwenye boma akifa, nyumba yake hufungwa. Hakuna kupika humo, hakuna kulala, hata kuku hafukuzwi humo. Ikifika siku ya kumaliza, binti yake mkubwa huingia uwanjani peku, mbele ya kaburi, akaanza kucheza peke yake. Hachezi sana. Mke wa kaka yake huvua viatu akamfuata, bega kwa bega, kisha mashemeji, kisha majirani, kisha yeyote aliyewahi kunywa maji katika boma lile. Kila anayeingia amembebea binti sehemu ya msiba wake. Uwanja ukijaa, binti hujitoa kimyakimya akaenda kuketi, na shangazi, ambaye huingia wa mwisho, humwaga ajono, ile pombe ya wimbi, juu ya kaburi, halafu hufungua mlango wa marehemu. Hapo matanga yameisha na watu wanakula.

Lakini kuna sharti. Hakuna anayeitwa kuingia. Humpungii mtu mkono, humsukumi, humtajii jina. Mtu huingia kwa moyo wake. Asipoingia yeyote mpaka ngoma inyamaze, mlango haufunguliwi, na binti haruhusiwi kurudia. Wazee wa ukoo husema msiba uliokataliwa na watu hautembezwi mara ya pili.

"Na imewahi kutokea?" Asekenye aliuliza walipoketi kupumzika. "Watu wakakataa kuingia?"

"Nani akatae kuingia matanga yenye nyama?" Anyait akasema. "Hata adui huingia. Na mama yako hakuwa na adui isipokuwa mimi, nami nimemsamehe."

Apolot, Mungu amrehemu, aliwauzia chai madereva wa barabara ile mpaka uzee ukamkalisha. Alitembea kandokando ya foleni, birika mkono huu na vikombe mkono ule, na hakuna dereva wa zamani asiyejua sauti yake. Kanisani kulikuwa na sista mmoja Mbelgiji ambaye ujanani mwake, kabla ya kuitwa na Mungu, aliwahi kucheza baleti, dansi ile ya Wazungu ya kusimama kwa ncha za vidole vya miguu na kuruka kana kwamba mtu hana uzito. Sista alianza kuwafundisha wasichana wa parokia katika ukumbi wa katekisimu. Wengine walicheka wakaacha. Asekenye hakuacha. Sista alipomwombea nafasi ya shule huko kwao, Apolot alimshika binti yake mikono yote miwili akamwambia nenda, mimi nina birika langu. Akaenda. Akawa mtu mkubwa. Hilo halina ubishi, na anayebisha ana wivu.

Ila ukubwa nao una bei yake. Usiku, akiwa amelala kwenye chumba cha wageni kwa kaka yake, huku malori yakinguruma nje, Asekenye alikuwa akitazama miguu yake na kuwaza. Vidole vilikuwa vimepinda na kukauka, kucha nyingine zimekufa. Watoto wa Okwakol walipoviona mara ya kwanza walikimbia. Miaka yote ile alikuwa amelipwa kuikana ardhi. Mwalimu wake wa kwanza kule Ubelgiji alizoea kusema, iguse kidogo, iache haraka. Naye aliiacha haraka. Waandishi wa habari walipomuuliza sanaa ni nini, alikuwa na jibu moja zuri la kupendeza masikio: sanaa ni kujitoa. Sasa alijiuliza, kujitoa kwa nani? Kwa watu waliokaa gizani, asiowajua majina, wanaorudi makwao wakiulizana wameegesha gari wapi? Mama yake hakuwahi kuketi katika giza lile hata siku moja. Mara ya kwanza viza ilikataliwa, mara ya pili miguu ilivimba, na mara ya tatu hakuna aliyejaribu tena.

Na nyonga ndiyo hiyo. Daktari alikuwa amemwonyesha picha: kiungo kimelika, mfupa wa paja umechakaa shingoni mwake, pale unapoingia nyongani. Watambadilishia. Atatembea vizuri, atapanda ngazi, atabeba mtoto wa mtu, lakini kucheza ndiyo basi. Na mpaka siku ya upasuaji asithubutu kuruka, maana mfupa ule unaweza kuvunjika wakati wowote. Asekenye alisema amesikia. Tarehe ilikuwa imeshapangwa. Alikuwa na safari moja ya kwenda nyumbani na ngoma moja mwilini, na alitaka kuitumia mahali pake.

Kwa nini hakuja kuzika? Hapo ndipo penye kidonda. Okwakol alimpigia simu alasiri kumwambia mama ametutoka. Jioni ile alikuwa acheze bi harusi anayekufa kwa huzuni, na watazamaji walikuwa wamejaa mpaka roshani ya juu. Mkurugenzi akamwambia apumzike, yupo wa kumshikia nafasi. Akakataa. Akapanda jukwaani, akacheza vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba hawajawahi kuona uchungu wa kweli namna ile. Wa kweli! Mwili wa mama yake haujapoa, naye alikuwa ameshamtia jikoni akawa kuni. Baada ya hapo yalifuata maonyesho mengine, halafu mengine, na Okwakol akazika. Chozi halikumtoka siku ile wala baadaye. Alilitafuta, hakulipata.

Kwa hiyo alilotaka lilikuwa dogo, na lilikuwa kila kitu. Alitaka kucheza vibaya kama binti wa mtu yeyote, watu waingie wamzunguke, alie, na mlango wa mama yake ufunguliwe kwa miguu yake mwenyewe kabla miguu haijakwisha. Basi. Akishapata hilo, daktari achukue nyonga, achukue na jina akitaka.

Alhamisi walifanya mazoezi tena. Kufikia Ijumaa magoti yalikuwa yamekubali kulegea na mabega yameanza kukumbuka. Anyait alimtazama kwa muda mrefu, akatema mate kando.

"Sasa unafanana na mtu," akasema. Kwa Anyait hiyo ni sifa kubwa.

Halafu akaja Okwakol na lori la kukodi.

Okwakol si mtu mbaya, sitaki umwelewe vibaya. Ni wakala wa kupitisha mizigo mpakani, mtu wa maneno mengi na moyo mpana, na alikuwa akimpenda dada yake kwa fahari ile ya kaka ambayo haina breki. Aliteremsha hema mbili nyeupe, spika mbili, na viti vya plastiki mpaka ua ukajaa. Kisha yeye na vijana wake wakavipanga safu kwa safu, vyote vikitazama kaburi.

"Na hivi ni vya nini?" Anyait akauliza.

"Vya wageni, shangazi. Kuna watu wanatoka Busia, wanatoka Bungoma. Kuna mheshimiwa. Utawakalisha chini?"

"Matanga watu hukaa mkekani, wakasimama duara. Mtu akishaketi kwenye kiti, makalio yake yanajua yamekuja kutazama. Toa hivi vitu."

"Shangazi, dada yangu amecheza mbele ya wafalme. Leo anacheza kwao. Wacha watu waketi waone!"

Wakamgeukia Asekenye waamuliwe. Alikuwa amesimama kwenye veranda akitazama zile safu. Angesema neno moja, viti vingerudi kwenye lori. Lakini zilikuwa safu nzuri, zimenyooka, na njia imeachwa katikati, na kitu fulani kifuani mwake kikachangamka kama ng'ombe anayesikia mlango wa zizi. Aliona aibu kwa jambo hilo. Hata hivyo alisema, "Waache tu, shangazi. Anayetaka kuingia atainuka."

Anyait akaguna akaenda zake kuonja ajono. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi watu walikuja kuliko walivyotarajiwa. Padre alisali sala yake fupi akaondoka, maana alikuwa na harusi Amagoro. Wanawake walikuwa jikoni tangu alfajiri. Foleni ya malori ilikuwa imeganda, na madereva walipanda juu ya mizigo yao. Kwenye safu ya mbele kabisa aliketi Brendah, mke wa Okwakol, mwanamke mnene mwenye huruma, ambaye kwa desturi alipaswa kuwa wa kwanza kuingia. Alikuwa amevaa viatu vya kuvulika upesi kwa ajili hiyo. Okwakol alishika maikrofoni, akataja nchi zote ambazo dada yake amecheza, na mpigaji akaanza ngoma.

Asekenye aliingia peku. Aliinama. Aliburura nyayo, akatikisa mabega, akacheza chini kama alivyofundishwa, mzito, bila urembo. Vumbi lilikuwa na joto. Mbele yake kulikuwa na kaburi lenye msalaba wa mbao na herufi za jina la mama yake zilizochorwa na mtu asiyejua kupanga nafasi, hivi kwamba zile za mwisho zimebanana. Aliziangalia zile herufi zilizobanana. Akasikia kitu kinapanda kutoka tumboni. Kilikuwa kilio, kile alichokitafuta mwaka mzima, na sasa kilikuwa kinakuja kwa miguu yake chenyewe. Kwa pembe ya jicho alimwona Brendah akiinama kuvua kiatu.

Kilio kikamfika kooni.

Na hapo mwili ukaogopa. Tangu utotoni ulikuwa umefundishwa jambo moja: ukiwa mbele ya watu walioketi, usilie, panda. Mgongo ukanyooka wenyewe. Magoti yakakaza. Kisigino kikaacha ardhi, halafu wayo, na Asekenye akasimama kwa ncha za vidole vyake vitupu, vile vilivyopinda, juu ya vumbi la Malaba. Mtu mmoja nyuma akasema "Eeeh!" Kilio kikarudi chini kama ndoo iliyokatika kamba.

Alicheza. Nikuambie nini? Waliokuwapo mpaka leo wakisimulia hushusha sauti. Alizunguka mpaka nguo yake ikawa duara, akanyoosha mkono kuelekea kaburini na kila mtu akahisi ameguswa yeye, akaruka na akakaa hewani muda ambao binadamu hana ruhusa ya kukaa. Mpigaji ngoma aliacha mdundo wa matanga akawa anamfuata yeye. Watu walisimama wote, wengine juu ya viti, simu mikononi, midomo wazi. Hakukohoa mtu. Hata injini zilizimwa.

Katikati ya hayo yote Asekenye alijua. Usidhani hakujua. Moyo ulikuwa ukipiga kelele, ingieni, jamani, ingieni, na hakuruhusiwa kusema. Lakini ulikuwapo moyo mwingine ndani yake uliousikia ukimya ule na kuutambua. Ulikuwa ni ukimya wa kumbi kubwa, wa roshani zilizojaa, ukimya ambao kwa ajili yake alikuwa amemwacha mama yake na birika lake. Na moyo huo ulifurahi. Alifurahi mbele ya kaburi la mama yake, na furaha ile ilikuwa kubwa, na hakutaka iishe. Akakimbia hatua chache akaruka mruko wa mwisho.

Nyonga ilivunjika alipotua. Sauti yake ilikuwa kavu, ndogo, na ngoma iliimeza. Alianguka ubavu, mguu mmoja ukiwa umegeukia upande usio wake, nywele zimetapakaa vumbini. Mpigaji akanyamazisha ngoma.

Halafu makofi.

Walipiga makofi kama mvua juu ya mabati. Madereva wakaingia kwenye malori yao wakabonyeza honi, lori hili na lile, foleni nzima, mpaka upande wa Uganda wakadhani kuna jambo limetokea mpakani. Asekenye aliinua mkono mmoja. "Nisaidieni," alisema. "Nisaidieni, nimevunjika." Waliuona mkono, hawakuisikia sauti. Walidhani ndivyo inavyomalizika, kwamba huko Ulaya ndivyo wanavyoaga.

"Makofi tena!" Okwakol alilia kwenye maikrofoni, machozi ya fahari yakimtiririka. "Makofi tena kwa dada yangu!"

Wakapiga tena.

Brendah ndiye aliyeuona mguu. Alipiga yowe moja akakimbia, na kufikia hapo ngoma ilikuwa imekwisha kunyamaza zamani.

Walimpeleka hospitali Busia kwa gari la jirani, akiwa amelazwa kiti cha nyuma, kila tuta likimtoa roho. Madaktari walifanya walichoweza, na walifanya vizuri. Shingo ya mfupa wa paja ilikuwa imekatika kabisa. Mambo ya tarehe ya upasuaji kule Ulaya yakafia hapohapo. Siku ya tatu au ya nne, akili ilipomtulia, Anyait na Brendah walikuja kumwona na chupa ya uji. Okwakol alikuwa nje, hana uso wa kuingia.

"Hakuna aliyeingia," Asekenye akasema.

"Hakuna," Anyait akajibu.

"Kwa nini, shangazi? Nilianza vizuri."

Anyait akamtazama Brendah. Brendah akainamia mikono yake.

"Mimi nilikuwa nimevua," akasema. "Kiatu kimoja nilishakitoa, dada, Mungu shahidi. Halafu ukaenda juu. Nikajiangalia, na hili tumbo langu, na hii miguu. Nikasema, Brendah, ukiingia hapo utamharibia. Nikakivaa tena." Akaanza kulia. "Nisamehe. Niliona ni kitu kizuri sana, sikutaka kukigusa."

Asekenye alimshika mkono. Hakuwa na hasira naye. Angewezaje? Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi ili watu kama Brendah waone hivyohivyo.

"Na wewe, shangazi? Ulijua. Ungevunja desturi ukaingia hata kama si zamu yako."

Anyait akakifunga tena kifuniko cha chupa ya uji.

"Ningeingia," akasema. "Wangenitoza mbuzi, nikalipa, ikaisha. Sikuingia kwa sababu nilisahau. Umesikia? Nilisahau tumekuja kufanya nini pale. Kaburi liko mbele yangu, mimi naangalia miguu yako. Nimezika waume na watoto, nimefungua milango ya wanawake wote wa ukoo huu, sijawahi kusahau. Ulicheza vizuri sana, mwanangu. Ungecheza vibaya kidogo."

Asekenye akageuza uso ukutani. Alijisikia aibu, aibu nzito ya kumfanya mtu atamani kuvuliwa ngozi. Shangazi alidhani anamlaumu kwa kipaji chake. Hakujua ile furaha. Hakujua kwamba pale juu, hewani, binti wa Apolot naye alikuwa amemsahau Apolot. Hakumwambia. Kuna mambo ambayo ukimwambia mtu unampa mzigo asio na mahali pa kuutua.

"Na mlango?" akauliza.

"Mlango ndio huo. Wazee wamekaa. Wamesema haujafunguliwa na hautafunguliwa. Nyumba itaachwa iende na mvua."

Miezi ikapita. Asekenye alitoka hospitalini kwa magongo, na hakurudi Ulaya. Walimpigia simu kutoka kule, wakampa pole kwa maneno mazuri, wakataka kumfanyia hafla ya kumuaga, akawaambia ahsanteni, nimeshaagwa. Aliishi kwa Okwakol. Mchana alikuwa akiketi uani kwenye kiti kimojawapo cha plastiki ambacho mwenye hema alisahau kukichukua, akiitazama nyumba ya mama yake ikianza kuinama upande wa mvua. Majani yalikuwa yameota mlangoni. Hakulia. Watu walimwonea fahari kwa hilo, wakisema ana moyo wa chuma. Maskini, hawakujua.

Wageni hawakukoma. Dereva mmoja alikuwa amerekodi kila kitu akiwa juu ya lori, na video ile ilikuwa imetembea kuliko malori yenyewe. Watu walikuja kumsalimu, wakaleta sukari, ndizi, sabuni. Wote walisema jambo moja: alivyoruka, alivyoanguka, hawajawahi kuona. Kumtaja Apolot, hata wale waliokunywa chai yake kwa miaka, hakuna aliyemtaja.

Alasiri moja akaja Zaitun, mwanamke wa Busia anayetembeza madera na mitandio mpaka Malaba, furushi begani. Alikuwa ameelekezwa na madereva. Aliamkia kwa adabu, akatua furushi, akaketi kwenye kizingiti cha nyumba iliyofungwa kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli. Hakuna aliyemkataza.

"Dada, sijaja kuuza," akasema. "Nimekuja kukuona tu kwa macho. Binti yangu ndiye alinionyesha kwenye simu. Wallahi nililia. Mtu unamwona anakwenda juu, halafu anaanguka vile, na kale kamkono. Nikasema, huyu amefundishwa na nani?"

"Ahsante, mama."

"Sasa ile ilikuwa sherehe ya nini? Maana niliona mahema, niliona watu wamependeza."

Asekenye alitazama magongo yake. Barabarani lori moja lilisogea hatua mbili likasimama.

"Ilikuwa ya mama yangu," akasema.

"Mashallah! Ya mama yako!" Zaitun akapiga mapaja kwa furaha. "Si kila mtoto humkumbuka mzazi. Naye alisemaje alipokuona unacheza vile?"

"Hakuona."

"Hakuwepo?"

"Hakuwepo."

"Aa, pole." Zaitun akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, maana alikuwa mtu mwema na mzazi. "Siku yake, na asiwepo. Ungemngoja kidogo, dada."

"Ndiyo," Asekenye akasema. "Ningemngoja."